Mama mkwe ataka niache maabara au niache kunyonyesha

Mpendwa Mshauri,

Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika chuo kikuu kimoja cha huku magharibi mwa Kenya, na utafiti wangu unahusu bakteria sugu, yaani wale ambao dawa za kawaida haziwaui tena. Nimeolewa, tunaishi Migosi hapa Kisumu, na Mungu ametujalia mtoto wa kwanza, msichana, ambaye sasa ana miezi minne. Nilirejea maabarani juzijuzi baada ya mapumziko ya uzazi, na tangu niliporejea, nyumba yangu haina amani.

Kazi yangu ni hii. Ninachota maji ya mitaro ya Nyalenda na kukusanya kinyesi cha kuku wanaouzwa sokoni Kibuye, kisha ninaotesha bakteria waliomo, hasa Escherichia coli na Klebsiella pneumoniae. Jioni ninawapaka juu ya agari, chakula chao kilichogandishwa kama jeli, ninapanga vikaratasi vilivyotiwa dawa, na kuziweka sahani katika inkubeta kwenye joto la nyuzi 35 hadi asubuhi. Kukicha ninashika rula na kupima upana wa duara ambalo bakteria wameshindwa kumea kuzunguka kila kikaratasi. Zipo sahani ambazo hazina duara hata moja. Bakteria wamemea hadi wakakigusa kikaratasi cha ampisilini kama vile hakina kitu ndani yake. Ninaipenda kazi hii kwa dhati, na ninajua kwa nini inafanywa.

Mama mkwe wangu alikuja kutoka Ugunja mtoto alipozaliwa, na sina neno baya la kusema juu ya utunzaji wake: alinipikia, akamwogesha mtoto, akanifunza mengi ambayo vitabu havikunifunza. Lakini aliposikia kutoka kwa mume wangu kwamba mchana kutwa ninashika bakteria wasiosikia dawa, alibadilika. Sasa nikiingia jioni humfunika mtoto kwa leso na kumgeuzia upande wa pili, na wiki iliyopita alisema mbele ya mume wangu kwamba ni lazima nichague: ama niache maabara hadi mtoto atakapoanza kutembea, ama nimwachishe ziwa sasa hivi ili yeye amlee kwa maziwa ya ng'ombe. Mume wangu alinitetea mwanzoni. Siku hizi ananyamaza, na juzi usiku aliniuliza kama siwezi kuahirisha masomo kwa mwaka mmoja, ilhali anajua kwamba ufadhili wa utafiti huu hautanisubiri. Linalonikera zaidi ni kwamba Mama huyohuyo akipata kikohozi hununua tembe chache za amoksilini dukani bila kuandikiwa na yeyote, na majuzi alitaka kumpa mtoto dawa ya maji iliyobaki katika chupa ya mtoto wa jirani, eti kwa sababu pua yake ilikuwa imeziba.

Hata hivyo, Mshauri, siwezi kumwambia Mama kwa moyo mweupe kwamba hana sababu ya kuogopa. Otoklevu yetu, ile mashine ya kuua viini kwa mvuke wenye shinikizo, ina mpira wa mlango uliochakaa, na mvuke huvuja kabla haujafika kiwango. Kwa hiyo sahani zilizotumika hujazwa katika mifuko, hurundikwa pembeni mwa chumba, na hatimaye mhudumu huzipeleka kwenye shimo la takataka nyuma ya jengo, bakteria wakiwa hai kama walivyo. Makoti meupe kila mtu huyafua kwake nyumbani, mimi pia, kwa kuwa hakuna utaratibu mwingine wa kuyafua. Wenzangu huenda kunywa chai wakiwa wameyavaa. Simu huwekwa juu ya meza ya kazi ili kupiga picha za sahani. Nilipouliza nitakamulia wapi maziwa, nilionyeshwa stoo, nikaambiwa niyahifadhi katika friji ya maabara, rafu ya juu, karibu na chupa za agari. Sikuyaweka humo; kwa sasa ninayamwaga, na uchungu wa kuyamwaga siwezi kuueleza.

Msimamizi wangu si mtu mbaya. Ndiye aliyeniingiza katika mradi huu, na nilipokuwa mjamzito hakunifukuza kama ambavyo wengine wangefanya. Lakini mwanafunzi mmoja aliyewahi kuuliza kuhusu ile mifuko aliambiwa kwamba mtafiti wa kweli hufanya kazi kwa alichonacho, na tangu hapo hakupewa tena nafasi katika mipango ya kikundi. Ninaogopa kulipata hilohilo.

Naomba unijibu waziwazi. Je, Mama ana haki, na ninamhatarisha mwanangu kila ninapomnyonyesha? Na kama hali ya maabara haifai, niseme vipi, na nimwambie nani, bila kupoteza masomo yangu?

Mama Anayenyonyesha, Migosi, Kisumu

Mama wa Migosi,

Usimwachishe mtoto ziwa, na usiache masomo. Ninayatanguliza haya mawili kwa sababu ninajua umeisubiri barua hii ukiwa na mtoto mkononi. Lakini nitakuwa ninakudanganya nikikuambia kwamba mama mkwe wako anaogopa kivuli. Ameuliza swali la haki, ingawa ameliuliza kwa namna inayokuumiza na ameliambatanisha na suluhisho lisilofaa. Na jibu la swali hilo halipatikani nyumbani kwenu Migosi, linapatikana maabarani.

Nianze na maziwa. Bakteria unaowashika hawapenyi ngozi ya mikono yako wakaingia katika maziwa. E. coli na Klebsiella wanaotoka mtaroni na kwa kuku huingia mwilini hasa kwa kupitia kinywani, na wakishamezwa makao yao ni utumbo. Maziwa yako, kwa upande wake, yana kingamwili zinazotanda juu ya utando wa utumbo wa mtoto na kuwazuia viini wa namna hiyo kujishikiza. Mtoto wa miezi minne anahitaji maziwa ya mama peke yake hadi atimize miezi sita, bila maji, bila uji, bila maziwa ya ng'ombe. Ukimwachisha leo utakuwa umemtoa kwenye kinga na kumpeleka kwenye chupa, chuchu ya mpira na maji ya mji ambao visima vyake visivyo na kina, hasa vya Manyatta na Nyalenda, vimepimwa na watafiti zaidi ya mara moja na kukutwa na viini vya kinyesi. Mama anataka kumwepusha mjukuu wake na bakteria wa mitaroni, na njia anayoipendekeza ndiyo itakayomkutanisha nao upesi zaidi.

Jambo la pili ni ule usugu wenyewe, ambao nadhani ndio uliomtisha Mama kuliko yote. Bakteria aliye sugu kwa ampisilini hakuongezewa uwezo wa kuruka hewani wala wa kustahimili sabuni. Alichopata ni kimeng'enya kinachoivunjavunja dawa, au pampu inayoitoa dawa nje ya seli kabla haijafanya kazi yake, na mara nyingi maelekezo ya kutengeneza silaha hiyo yamo katika kipande kidogo cha DNA kiitwacho plazmidi, ambacho bakteria mmoja anaweza kumpa mwenzake hata kama si wa aina moja. Silaha hizo hazimfai kitu mbele ya sabuni na maji yanayotiririka, spiriti, klorini au moto. Mikono iliyooshwa vizuri huwaondoa sugu na wasio sugu kwa pamoja, na hilo ni jambo ambalo Mama anastahili kuambiwa kwa lugha nyepesi, kwa sababu nina hakika hakuna aliyewahi kumwambia.

Ubaya wa usugu huonekana mtu akishaugua. Mtoto mchanga anayeshukiwa kuwa na maambukizi ya damu huanzishiwa penisilini au ampisilini pamoja na jentamaisini, na Klebsiella ni miongoni mwa viini vinavyoongoza kwa maambukizi hayo katika wodi za watoto wachanga barani Afrika. Ikiwa kiini hakisikii dawa hizo, daktari hupoteza saa ambazo mtoto hana. Watafiti walikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria sugu, na eneo la Afrika kusini mwa Sahara ndilo lililobeba mzigo mzito zaidi kwa kulinganisha na idadi ya watu. Rula yako ya asubuhi inapima jambo hilohilo. Bila watu wanaokaa na sahani zile, daktari wa Kisumu anachagua dawa kwa kubahatisha, na ndiyo sababu sitaki uondoke.

Sasa nije kwenye lile ambalo Mama amelihisi bila kulisomea. Mwaka 2011 nchini Marekani, taasisi ya serikali ya kudhibiti magonjwa ilitangaza mlipuko wa Salmonella Typhimurium uliowapata watu 109 katika majimbo 38, na mmoja wao akafariki. Uchunguzi uliuhusisha mlipuko huo na maabara za mikrobiolojia, zikiwemo za kufundishia wanafunzi, na miongoni mwa wagonjwa walikuwemo watoto wadogo ambao kiungo chao na maabara kilikuwa mtu wa nyumbani kwao anayefanya kazi au kusoma humo. Ushauri uliotolewa baadaye ulikuwa wa mambo madogo kabisa: makoti yabaki maabarani, kalamu na madaftari ya kazi yasipelekwe nyumbani, mikono ioshwe kabla ya kutoka. Salmonella humwangusha mtu upesi kuliko bakteria wako, ambao wanaweza kukaa katika utumbo wa mtu mzima mwenye afya kimya kimya bila dalili yoyote. Njia ya kufika nyumbani, hata hivyo, ni ileile, na ukimya huo haunifariji hata kidogo pale penye mtoto mdogo.

Kwa hiyo koti lako lisifike tena Migosi. Kama chuo hakina pa kuyafulia makoti, liloweke hukohuko katika ndoo yenye maji ya klorini, lifue hapo, lianike hapo, na uwe na mawili ili moja likiwa kwenye kamba jingine liwe mwilini. Simu nayo ninaiona ni hatari kuliko koti, kwa kuwa koti hulivulii kwenye kitanda cha mtoto lakini simu hulazwa ubavuni mwake. Mtu huishika kwa glavu zilezile zilizoshika sahani, kisha huiweka shavuni, kisha humpa mtoto aichezee. Iache katika mkoba ulio nje ya chumba cha kazi. Ikiwa ni lazima kupiga picha za sahani, mwombe msimamizi itengwe simu moja kuukuu ya maabara isiyotoka humo. Unapomaliza, vua glavu, nawa kwa sabuni hadi kwenye viwiko, toka bila kugusa tena meza. Ufikapo nyumbani nawa tena, badilisha nguo, ndipo umchukue mtoto. Usiyasugue matiti kwa spiriti wala sabuni kali. Utaichubua ngozi bila faida, na maji safi ya kuogea yanatosha.

Kuhusu friji nimekasirika, na sitaki kulificha. Chakula cha aina yoyote hakiwekwi katika friji ya maabara, hiyo ni kanuni ya kwanza inayofundishwa popote penye viini, na maziwa ya mtoto ni chakula. Ulifanya vyema kukataa. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa akina mama kunyonyeshea au kukamulia, penye vifaa vya kunawia mikono na vya kupozea maziwa, na pasiwe msalani. Wewe ni mwanafunzi, na huenda mtu akajaribu kukuambia kwamba sheria hiyo inawahusu walioajiriwa tu. Lakini chuo chenyewe ni mwajiri wa mamia ya wanawake, kwa hiyo chumba hicho kinapaswa kuwepo, na ombi lako ni kuruhusiwa kukitumia. Liandike kwa ofisi inayoshughulikia maslahi ya wanafunzi, ukiambatanisha nakala kwa mkuu wa idara. Wakati ukisubiri, nunua kikapu cha kupozea chenye vibarafu vya plastiki vilivyogandishwa. Maziwa yaliyokamuliwa kwa mikono safi na kufungwa vizuri hukaa humo hadi saa 24, ilhali mezani hayafai kupita saa nne, na kwa joto la Kisumu la mchana nisingesubiri hata hizo nne. Kamulia katika chumba chochote kisicho cha maabara, hata kama ni ofisi ya katibu kwa dakika chache, na usiyamwage tena.

Hayo yako mikononi mwako. Yaliyo makubwa ni ile mifuko iliyo pembeni mwa chumba, na hapa ninaomba uwe thabiti hata kama sauti itatetemeka. Sahani moja iliyomea ina bakteria wengi kuliko maji ya mtaro uliyoyachota, kwa sababu umewachagua, ukawalisha na kuwapa joto wanalolipenda. Kumtuma mhudumu azibebe bila kinga na kuzitupa shimoni ni kumweka yeye mbele ya hatari ambayo hakusomea na ambayo huenda hakuambiwa. Kwenye shimo kuna kuku wanaochakura, kuna watoto wanaotafuta plastiki za kuuza, na mvua za masika zikinyesha maji hayakai shimoni. Mwaka 2017 serikali ilitoa sera ya kitaifa ya kukabiliana na usugu wa dawa, na sera hiyo inatambua kwamba usugu huzunguka kati ya watu, mifugo na mazingira. Kikundi chenu kinachunguza mzunguko huohuo mtaroni. Hakiwezi kuulisha nyuma ya jengo.

Uzuri ni kwamba kinachoharibika katika otoklevu yenu, kwa jinsi ulivyokieleza, ni mpira wa mlango, ambao ni kipuri cha kubadilishwa na si mashine nzima. Tafuta bei yake kabla ya kwenda kuzungumza. Ukibadilishwa, mashine ifikie nyuzi 121 na ikae hapo, na takataka zipewe muda mrefu kuliko dakika 15 zinazotosha kwa chupa za agari, kwa kuwa mfuko uliojaa sahani huchelewa kupata joto katikati. Ule utepe unaobandikwa kwenye mifuko na kubadilika rangi ndani ya otoklevu unaonyesha tu kwamba joto liliugusa. Uhakika hupatikana kwa kujaribu na mbegu za Geobacillus stearothermophilus, bakteria ambaye mbegu zake hustahimili joto kuliko nyingine nyingi, na mbegu hizo zikifa ndipo mtu anapolala usingizi. Kabla ya matengenezo, sahani zitiwe katika ndoo ngumu yenye kifuniko kinachofunga na kupelekwa kwenye idara jirani yenye mashine nzima, au zichemshwe kidogo kidogo katika sufuria ya shinikizo iliyotengwa kwa kazi hiyo. Kama hata hilo haliwezekani wiki fulani, basi wiki hiyo msioteshe sahani mpya. Ninajua tasnifu inakukimbiza, lakini huwezi kuwazalisha viumbe usioweza kuwaua.

Sasa, utasemaje kwa msimamizi? Umeniambia kwamba hakukutupa ulipokuwa mjamzito, na mtu wa namna hiyo hukosi kumfikia ukimwendea vizuri. Omba kumwona faraghani, wala usilianzishe jambo hili katika mkutano wa kikundi ambapo atalazimika kujitetea mbele ya vijana wake. Nenda na karatasi moja yenye mambo matatu tu: mpira wa otoklevu na bei yake, makoti kufuliwa chuoni, na friji ya viini kutengwa na kila kitu kingine. Usitaje mama mkwe, usitaje mtoto kwanza. Anza na sayansi, kwa maana hapo ndipo atakapokusikiliza bila kujihami: mwambie kwamba vyumba vyenye mifuko ya sahani hai huchafua sampuli mpya, kwamba E. coli aliyetoka kwenye glavu ya jana anaweza kusomeka kama E. coli wa kuku wa Kibuye, na kwamba mhakiki wa jarida au mtahini wa nje akiuliza jinsi takataka zilivyoteketezwa, jibu mlilonalo sasa litawaaibisha nyote. Baada ya hapo ndipo useme kwa upole kwamba wewe pia unanyonyesha, na ungependa kuimaliza kazi hii ukiwa na amani. Jioni hiyohiyo mwandikie barua pepe fupi ya kumshukuru, ukitaja mliyokubaliana. Barua hiyo ni kumbukumbu, na ni kinga yako.

Akikupuuza, usirudi kwake kumbembeleza mara ya pili na ya tatu. Utafiti wa namna hii huwa umepitishwa na kamati ya maadili na kupewa kibali cha serikali kupitia NACOSTI, tume ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, na mlipoomba vibali hivyo mlieleza jinsi takataka zitakavyoshughulikiwa. Itafute hati hiyo na uisome. Kisha iandikie kamati ya chuo inayosimamia usalama wa maabara, au mkuu wa idara ikiwa kamati hiyo haipo, na uitumie lugha ya hati yenyewe. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamkataza mwenye mahali pa kazi kumwadhibu mfanyakazi kwa sababu amelalamikia usalama, na ingawa wewe ni mwanafunzi, mhudumu anayebeba ile mifuko ni mfanyakazi. Jina lake na usalama wake viwe katika barua yako. Pengine mwandike pamoja na yule mwenzako aliyenyamazishwa. Sitakuahidi kwamba hakuna atakayenuna. Ninachokuambia ni kwamba ni rahisi kumtenga mwanafunzi aliyenung'unika kwa mdomo kuliko kumtenga yule ambaye barua yake imepokelewa na kupigwa muhuri.

Kwa Mama, nenda kwa heshima zote, na mume wako awepo. Yeye ndiye aliyempelekea habari nusu, na ni haki aipeleke na nusu iliyobaki. Mwambie Mama kwamba alikuwa sahihi kuuliza, na umweleze ulichobadilisha: koti halipo tena nyumbani, simu haiingii tena kazini, unanawa mara mbili kabla ya kumshika mtoto. Kisha umwombe jambo moja, kwamba naye anawe kwa sabuni kabla ya kumshika mjukuu, hasa akitoka chooni au akiwa amechinja na kunyonyoa kuku, kwa sababu bakteria unaowasoma ulitoka kuwachukua sokoni, na kila nyumba inayonunua kuku pale inawakaribisha jikoni.

Zile tembe za amoksilini zungumzeni siku nyingine. Nimeona hasira yako katika sentensi ile na ninaielewa, ila ukiitumia kama jibu la kumkomoa utashinda mabishano na kupoteza mlezi wa mtoto wako. Siku ikifika, mweleze kwamba mafua na vikohozi vingi huletwa na virusi, ambavyo amoksilini haivigusi kabisa, na kwamba tembe chache zisizo na sababu huwaua bakteria dhaifu tumboni na kuwaachia sugu nafasi ya kuzaana. Dawa ya maji iliyobaki kwa jirani, kwa upande mwingine, haingoji siku nyingine: ikishakorogwa haikai zaidi ya wiki moja au mbili, kipimo chake kilikuwa cha mtoto mwingine, na mtoto wa miezi minne hapewi dawa yoyote ambayo hakuandikiwa yeye. Hilo mume wako alikataze leo, kwa mdomo wake, kwa mama yake. Pua iliyoziba huzibuliwa kwa matone ya maji ya chumvi yaliyotayarishwa ya duka la dawa na kwa kumnyonyesha mara kwa mara.

Mtoto akikataa kunyonya, akiwa na homa au mwili wa baridi usio wa kawaida, akipumua kwa kasi au kifua kikiingia ndani anapopumua, akilegea au akipatwa na degedege, mpeleke hospitali saa hiyohiyo, usiku au mchana. Mweleze daktari kwamba unafanya kazi na E. coli na Klebsiella, umtajie dawa ambazo sahani zako zimeonyesha haziwaui, na umwombe achukue damu ya kuotesha kabla ya kumchoma mtoto dawa ya kwanza, mradi tu kufanya hivyo kusimcheleweshee matibabu.